Kumechi biti kwa sikio tu, skrini weka pembeni (kwa dijei anayeanza)

Siku ukipanda bajaji pale stendi ya Kange, hapa Tanga, unakuja mjini na dereva redio yake ipo juu, subiri awashe indiketa ya kukata kona. Ile tik tok tik tok ya indiketa na ngoma ya kwenye redio kuna muda zinakwenda sawa kabisa, unaweza ukadhani mwenye wimbo alirekodi akiwa ndani ya bajaji, afu taratibu zinaanza kuachana, indiketa inatangulia kidogo, inatangulia zaidi, mpaka inaangukia katikati ya pigo na pigo, afu zinarudi zinakutana tena. Kama ushawahi kulisikia hilo na likakukera, basi sikio unalo tayari, kilichobaki ni mkono. Kama hujawahi, anza na hilo kabla hujahangaika kutafuta mashine, maana kumechi biti kwa sikio ni hilohilo: vitu viwili vinapiga kwa kasi inayokaribiana, kazi yako ni kujua kipi kinatangulia na kukirudisha, ili wimbo mmoja uungane na mwingine bila watu kusikia mgongano.

Mi nilijifunzia kwenye santuri, na sio kwa ujuaji, ni kwa sababu ndo kitu kilichokuwepo nyumbani. Mjomba wangu alikuwa baharia, aliporudi kukaa moja kwa moja Ngamiani alikuja na mashine mbili za santuri, miksa ndogo ya njia mbili (mashine ya kuchanganya sauti) na maboksi ya santuri yaliyokaa chini ya ngazi miaka. Nusu ni disko na hausi za Marekani na Ulaya, nusu ni dansi na taarabu za zamani, zikiwemo za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za hapahapa Tanga. Kitu kimoja kilinishangaza, zile za hausi nyingi zilikuwa mbilimbili, santuri ileile kopi mbili. Nilidhani mzee alikuwa anasahau kwamba anayo ananunua tena. Kumbe sivyo, nitakwambia mbele.

Sasa kabla ya kugusa chochote elewa hili, maana wanaoanza wengi wanachanganya mambo mawili na ndo wanateseka. Kuna kasi na kuna nafasi. Chukua baiskeli mbili, na kwetu Tanga baiskeli si za kutafuta. Mmetoka Makorora mnaelekea Chumbageni, mwenzako yupo mita tano mbele yako, wote mnakanyaga mwendo uleule. Kasi yenu ni sawa lakini hamtakutana mpaka kesho, kwa sababu nafasi zenu sio sawa. Ili umfikie inabidi ukanyage kwa nguvu kidogo, ufike begani kwake, afu urudi kwenye mwendo wake. Usiporudi unampita. Sasa geuza: mpo bega kwa bega lakini wewe unakanyaga kwa haraka kidogo kuliko yeye. Kwa sasa hivi mnaonekana mpo sawa kabisa, ila ngoja dakika moja, ushamwacha.

Kwenye santuri kasi unaiweka kwa pichi, ile feda ndefu (kitufe cha kuteleza) iliyo pembeni ya mashine. Nafasi unaiweka kwa kidole. Pichi ndo mwendo wako wa kukanyaga, kidole ndo ule msukumo mdogo wa kumfikia mwenzako. Mwezi wangu wa kwanza wote nilikuwa natibu nafasi kwa pichi, yaani nikisikia wimbo umebaki nyuma navuta pichi, unafika, unapita, narudisha pichi, unabaki nyuma tena, mwisho nikawa kama mtu anayeoga maji ya bomba mbili, mara moto mara baridi. Wala sikuwa na sikio bovu, nilikuwa natumia dawa siyo.

Kuhusu vifaa nitapita haraka. Unahitaji mashine ambayo mota inazungusha sahani moja kwa moja, sio ya mkanda. Ya mkanda ukiigusa inalegea afu inachelewa kurudi kwenye mwendo, utadhani umekosea kumbe ni mkanda. Ile ambayo dunia nzima ya madijei inaijua ni Technics SL-1200, ilitoka 1972, afu 1979 ikaja MK2 yenye pichi ya kuteleza inayokwenda kutoka mainasi 8 mpaka plasi 8 kwa asilimia, na mashine nyingi za madijei zilizofuata ziliiga humohumo. Juu ya sahani unaweka kitambaa laini badala ya mpira, ili ukiishika santuri kwa kidole isimame na sahani iendelee kuzunguka chini yake. Hedifoni iwe ile inayofunika sikio lote. Kama mashine zimekaa nyumba ya karibu na bahari kama yetu, pichi na feda zitakuwa zinakwaruza kwa sababu ya hewa ya chumvi, basi zisukume juu chini mara ishirini kabla hujaanza na zifunike ukimaliza, kanga inatosha.

Kitu cha kuzoea mapema: kwenye Technics ukiivuta pichi kuja kwako wimbo unaongezeka kasi, ukiisukuma kwenda mbele unapungua. Wengi wanadhani ni kinyume chake. Mkono wangu ulichukua wiki mbili kulikubali hilo.

Haya, kuhesabu. Muziki wa disko, hausi na ndugu zake unakwenda kwa nne. Kiki, ule mdundo mzito, unapiga moja, mbili, tatu, nne. Snea, ile ngoma ya sauti kali, au makofi yanaangukia mbili na nne. Hesabu kwa mdomo, usione haya, moja mbili tatu nne, afu nne nane zinafanya kifungu cha mapigo 32 na hapo ndo mara nyingi kitu kinabadilika, besi inaingia, au makofi yanatoka, au mtu anaanza kuimba. Kama umekulia Tanga ngoma unazijua, umesimama kwenye baikoko ukasikia watu wote wanabadilisha kiuno kwa pamoja bila mtu kuwaambia, basi wewe kifungu unakijua tayari, ni vile tu hukuwahi kukihesabu. Kaa na wimbo mmoja mpaka uweze kusema "moja" kwa sauti kila kifungu kinapoanza, hata ukiwa unamiminiwa chai.

Nikaja kuelewa kopi mbilimbili za mjomba. Somo la kwanza lote linafanyika na wimbo mmoja dhidi ya wenyewe. Weka santuri zilezile mbili, pichi zote kwenye sifuri, hapo kasi ni sawa kwa vile ni kitu kilekile, kwahiyo kilichobaki ni nafasi peke yake. (Kama huna kopi mbili na unatumia kontrola, yaani kifaa cha dijei cha kuongozea programu, au laptopu, pakia wimbo mmoja pande zote mbili, ni hivohivo.) Cheza wa kwanza uende kwenye spika. Wa pili usikilize kwenye hedifoni tu. Tafuta kiki ya kwanza kabisa, weka sindano, zungusha santuri kwa mkono mbele na nyuma mpaka usikie ile "vup, vup", hiyo ndo kiki yako inapita chini ya sindano. Irudishe nyuma kidogo ya hapo, ishikilie kwa ncha ya kidole, sahani inaendelea kuzunguka chini. Mi nilikuwa nabandika kipande kidogo cha utepe kwenye karatasi ya katikati ya santuri kikiielekea sindano, kama mshale wa saa, ili nikipoteza sehemu nairudia bila kutafuta upya.

Sasa hesabu ule wimbo wa kwenye spika, moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne, na kwenye "moja" ya kifungu iachie. Usiiachie tu kama unaacha kitu kianguke, isindikize mbele na mkono kidogo, maana santuri ikitoka kwenye kusimama inachelewa kidogo kushika mwendo. Hapa ndo utaachia mara hamsini. Mama yangu siku ya tatu alikuja mlangoni akauliza, "Huo wimbo wenu hauna kipande kingine?" Haukuwa nacho. Hauwi nacho mpaka mkono ujue.

Ukiipata utajua, wala huhitaji mtu akwambie. Pandisha feda zote mbili za sauti kwenye miksa: wimbo uleule ukikaa juu ya mwenzake sawasawa sauti inakuwa kama inapita ndani ya bomba, inavuma kama ndege inayopita juu, kiki mbili zinakuwa kiki moja nene. Ukikosa kidogo unasikia "ka-ka", pigo mbili zimefuatana. Ukikosa zaidi ni farasi wa kwato nne ndani ya chumba. Ukikosa nusu pigo kamili unapata kitu kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mmoja anapandisha mchi mwenzake anashusha, ambacho kwa mahindi ni sawa kabisa ila kwa kumiksi siyo.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe, na hili ndo nataka ulielewe hata kama mengine yote utayasahau: ukisikia "ka-ka", ipi imetangulia? Ya hedifoni au ya spika? Kila kitu kingine kwenye hii kazi ni rahisi, mkono unazoea, kuhesabu unazoea, vifaa utavijua. Hili ndo linalowashinda watu wakarudi kwenye kitufe cha sinki (sio lile la kuoshea vyombo, hiki kinamechi biti chenyewe) na wakasema sikio lao ni bovu. Sio bovu, hawajalifundisha kuuliza swali moja kwa wakati.

Jinsi nilivyolifundisha la kwangu ni kukosea makusudi. Weka nyimbo zikae sawa, ule wimbo mmoja mara mbili. Afu shika pembeni ya sahani ya wimbo wa hedifoni kwa kidole, gusa tu, kama unavyogusa pasi kujua kama imepata moto. Wimbo wako sasa umebaki nyuma, na unajua umebaki nyuma kwa sababu wewe mwenyewe ndo umeuchelewesha. Usirekebishe. Kaa hapo, sikiliza dakika nzima, kubaki nyuma kunasikikaje. Sikiliza snea, ya spika inapiga kwanza halafu ya kwako inakuja kama mwangwi. Ukisharidhika, urudishe sawa. Afu fanya kinyume: usukume mbele kwa kuizungusha karatasi ya katikati kwa kidole au kwa kusukuma santuri yenyewe kidogo, sasa wa kwako unatangulia. Sikiliza tena dakika nzima. Mwangwi sasa umehamia kwenye spika. Fanya hivo siku tatu nne. Baada ya hapo mwite mdogo wako au jirani, geuka uangalie ukutani, yeye aguse moja, wewe useme, "imechelewa" au "imetangulia". Tulikuwa tunafanya hivo na binamu yangu kwa dau la kashata, ukikosea unanunua. Nimenunua kashata nyingi sana Ngamiani ile.

Na siku ambayo hujui kabisa ipi imetangulia, itakuwepo, usigande. Bahatisha. Sukuma wa kwako mbele kidogo. Ka-ka ikipungua, ulikuwa nyuma, endelea kusukuma. Ikiongezeka, ulikuwa mbele, breki. Ndani ya sekunde mbili umeshapata jibu na hakuna mtu amesikia chochote kwa vile ipo kwenye hedifoni yako tu. Dijei anayebahatisha na kurekebisha upesi atafika kabla ya yule anayesimama akiwaza.

Ukishaliweza hilo, toka kwenye wimbo mmoja uende kwenye nyimbo mbili tofauti, na hapo ndo pichi inaingia kazini. Kwanza pata makisio. Tazama saa, hesabu kiki kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Ukipata kiki 30 wimbo ni biti 120 kwa dakika. Hausi nyingi zinacheza kati ya 120 na 128 hivi kwahiyo kwa pichi ya asilimia 8 unazifikia karibu zote, maana kwa wimbo wa 120 asilimia 8 ni karibu biti 10 juu au chini. Ila usifike huko kama unaweza kukwepa. Asilimia 6 tu tayari umepandisha sauti ya wimbo nusu noti nzima, mwanamke anaanza kuimba kama mtoto na mwanaume kama ana mafua. Chagua nyimbo zinazokaribiana, za 122 na 124, mwendo mdogo wa pichi unatosha.

Achia wa pili kwenye "moja", usubiri. Ukisubiri tu utaona unaelekea wapi. Tuseme wa spika ni 120 na wako ni 121, tofauti ya biti moja kwa dakika. Ndani ya nusu dakika mtakuwa mmeachana nusu pigo kamili, na dakika ikitimia utakuwa umempita kwa pigo zima. Ile ndo indiketa ya bajaji. Kwahiyo kasi ya kuachana ndo inakwambia umekosea kwa kiasi gani: ikiachana ndani ya mapigo manne matano, upo mbali, sogeza pichi kwa kipande kikubwa. Ikichukua nusu dakika kuanza kusikika, upo karibu, gusa kwa unene wa kucha.

Na mwelekeo wa pichi unaupata wapi? Kwenye kidole chako. Sikiliza hapa vizuri. Nyimbo zikiachana unarekebisha kwanza kwa kidole, unazirudisha bega kwa bega. Kama ilibidi usukume, maana yake wimbo wako ni mzito, ongeza pichi kidogo. Kama ilibidi ubreki, wimbo wako una haraka, punguza pichi. Zikiachana tena, kidole tena, pichi tena. Kidole kwanza, pichi pili, kila mara, na pichi inafuata kidole kilikokwenda. Mzee wangu mjomba alikuwa haelezi kitu, alikuwa anakaa kitini na kahawa yake anasema "kidole" halafu anasubiri halafu anasema "pichi". Jioni nzima maneno mawili.

Kosa la kila mtu hapa ni kufinyafinya pichi kidogo kidogo upande mmoja kama anaogopa kuivunja. Usifanye hivo, utazeeka. Ruka. Kama wimbo ni mzito, ongeza mpaka uwe na uhakika kabisa kwamba sasa una haraka. Sasa unajua jibu lipo kati ya hapa na pale ulipotoka, rudi nusu. Bado una haraka? Rudi nusu ya nusu. Mara nne tano umefika. Ni kama kutafuta ukurasa wenye jina kwenye daftari la madeni dukani, unafungua katikati, hufungui ukurasa mmoja mmoja tokea mwanzo.

Ukamilifu usiutafute. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya asilimia moja, ambayo kwenye pichi ya kuteleza ni upana wa unywele, kwenye wimbo wa 120 inakupeleka pembeni milisekunde 60 tu kwa dakika. Unamiksi dakika moja, moja na nusu, unagusa kidole mara mbili, imekwisha. Hata wazoefu vidole vyao haviondoki pale, angalia mkono wa dijei wa santuri utaona muda wote unagusagusa, anadhaniwa anafanya manjonjo kumbe anachunga.

Nyimbo gani za kuanzia. Hausi na disko za ngoma za mashine, kwa sababu mashine haichoki. Usianze na santuri za dansi za zamani hata kama ndo zimejaa kwenye boksi la babu yako. Wale mpiga ngoma ni mtu, anaanza wimbo taratibu, likifika chemko, ile sehemu ya kuchezea, anachangamka na bendi nzima inakwenda naye, na hiyo ndo raha yake, lakini pichi uliyoweka mwanzo wa wimbo haitafaa katikati. Nilijaribu kuunganisha mbili za Jamhuri Jazz nikiwa na miezi miwili ya mazoezi, nilikimbizana nazo kama kuku wa sikukuu. Hizo ziunganishe kwa kuacha moja iishe na nyingine ianze, watu watashukuru. Amapiano nayo mwanzoni itakuchanganya, mwendo wake upo chini, kama 110 hadi 115, lakini kiki mara nyingi haijapangwa moja mbili tatu nne iliyonyooka na lile besi lake linapiga pasipotarajiwa, hapo sikiliza vitu vidogo vya juu, shekere na haihati (yale matoazi madogo), ndo vinashika saa. Singeli inakwenda 200 na kupita, 300 huko, sikio la mwanafunzi halina nafasi ya kuuliza swali lake kati ya pigo na pigo. Hesabu pigo moja ruka moja, au iache kwanza, itakusubiri.

Sasa nikwambie aibu yangu ili wewe usiipate. Shughuli yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa harusi, bustanini Raskazone, upepo wa bahari, kila kitu kizuri. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi saba chumbani, sikio moja hedifoni, sikio jingine spika, kama kila mtu anavyofundishwa. Nikamechi wimbo wa kwanza na wa pili, kwenye masikio yangu umekaa kama pacha. Nikapandisha feda. Farasi. Watu wakakanyagana, shangazi wa bibi harusi akasimama akanitazama tu. Nikarudia na wimbo mwingine, kwangu sawa, nikipandisha, farasi tena. Nikahisi nimerogwa.

Kumbe spika waliziweka karibu na wageni, mita kama 20 kutoka mezani kwangu, na mimi sikuwa na spika ya karibu. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Mita 20 zinaichukua karibu milisekunde 60. Hedifoni ipo sikioni, haichelewi chochote. Kwahiyo mi nilikuwa namechi wimbo wa hedifoni na wimbo wa spika ulionifikia ukiwa umechelewa, nazilinganisha vizuri sana na kitu cha uongo, na vikitoka vyote viwili kwenye spika moja ule uchelewaji unabaki wazi, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya pigo. Chumbani spika ilikuwa mita moja na nusu, milisekunde nne tano, haisikiki.

Dawa yake: omba spika ndogo iwekwe karibu yako, hata ikiwa ya redio ilimradi inachukua waya kutoka kwenye miksa. Ikikosekana, usimechi na uwanja, mechi ndani ya hedifoni. Miksa nyingi zina kitufe au feda ya kuchanganya, wimbo unaosikika nje na wimbo wako vyote vinaingia hedifoni, nyingine zinaweza hata kugawa, huu sikio la kulia huu la kushoto. Fanya mazoezi ya namna zote mbili nyumbani kabla hujachukua hela ya mtu.

Kama santuri huna kabisa, na wengi hamna, usikate tamaa. Chukua laptopu, weka programu kama Mixxx ambayo ni ya bure, zima sinki, afu funika sehemu ya skrini inayoonyesha mawimbi na namba. Binamu yangu alijifunza hivo, skrini ameitundikia kitambaa. Macho yakiona namba sikio linalala, ndo lilivyo, huwezi kulilazimisha kufanya kazi ambayo jicho limeshaimaliza. Siku moja moja funua ujisahihishe, ila jibu useme kabla ya kufunua. Na zungumza na jirani, hayo mazoezi ni wimbo mmoja mara mia, hedifoni baada ya isha, adhana ikilia punguza.

Muda wa mazoezi nisikudanganye, nusu saa kila siku inashinda saa nne za Jumapili. Sikio likichoka linaanza kukubali vitu vibovu, utaona kila kitu kimekaa sawa, kesho yake ukisikiliza rekodi unataka kulia. Rekodi kwa simu, isikilize kesho, sio palepale. Na hedifoni usiipandishe mpaka mwisho, ukipandisha sana pigo zinavimba na ile "ka-ka" ndogo inajificha ndani.

Kwenye kumiksi kwenyewe, zikishakaa sawa, usipandishe wimbo mpya na besi yake yote, besi mbili zinagombana hata kama biti zimelingana vizuri. Toa besi ya unaoingia, pandisha feda taratibu mwanzo wa kifungu, haihati na makofi yake yachanganyike kwanza, afu kwenye "moja" ya kifungu kinachofuata toa besi ya zamani na ingiza mpya kwa wakati mmoja, mikono miwili. Watu hawajui kilichotokea ila wanakisikia tumboni.

Na ikiharibika mbele ya watu, maana itaharibika, umeme utacheza au mtu atagonga meza au wewe mwenyewe utasinzia, usianze kuzikimbiza nyimbo mbili kwato zikiwa zinasikika uwanja mzima. Ukigusa kidole mara mbili hazijakaa, funga feda moja hapohapo. Acha ule ambao watu wanauimba, hata kama ndo ulikuwa unataka kuutoa. Wakiendelea kuimba, wewe vaa hedifoni, inyanyue sindano ya huo mwingine, utafute kiki ya kwanza na uanze kuhesabu upya.